Uzi Mwekundu Ndani ya Pindo

Ukimpelekea Mama Wembe nguo iliyoshonwa na fundi mwingine, hata kama umekwenda kupunguza urefu tu, kwanza ataigeuza nje ndani. Haisifii rangi wala haulizi imenunuliwa wapi. Anaigeuza, anaisogeza kwenye mwanga wa mlango, anauvuta mshono wa kwapa kwa vidole gumba viwili, na uso wake unakwambia yote. Wapo wanaodhani jina hilo alipewa kwa sababu ya ulimi, na ulimi kweli anao, lakini alipewa kwa sababu ya nusu wembe anaoishi nao. Umechomekwa kwenye kipande cha sabuni pembeni mwa meza ya cherehani, na anaufikia haraka kuliko anavyoifikia sindano. Miaka thelathini ya ufundi imemfundisha kwamba watu hudanganya kwa nje, na kwamba ukitaka ukweli unafumua.

Hamwamini mtu. Silisemi hili kumsengenya, maana mwenyewe hujisifia. Akinunua kitambaa, hukipima tena palepale kaunta, mbele ya muuzaji, na futi yake mwenyewe. Fundi viatu wa kibaraza cha jirani humtania kwamba hata salamu akipewa huigeuza nje ndani kabla ya kuitikia.

"Salamu zako wewe zina nyuzi zinaning'inia," humjibu.

Alikuwa na mtoto mmoja, binti. Huyo binti alishika kila kitu kwa mkono wa kushoto, kijiko, kalamu, mkasi, na watu wa nyumbani wakamwita Shoto mpaka jina la cheti likasahaulika. Mama Wembe alijaribu kumgeuza mkono tangu utotoni. Alimbembeleza, akamfokea, siku nyingine akamgonga vidole kwa futi, na mwisho akanyoosha mikono. Hakuukubali ule mkono, alichoka tu kugombana nao. Moyoni aliamini mkono wa kushoto haukazi uzi. Shoto alipofika miaka kumi na minne na kuanza kumsaidia kupiga pindo za magauni ya wateja, mama yake alikuwa akisubiri mtoto aende shule, anachukua wembe, anafumua pindo lote, kisha anapiga upya kwa mkono wake wa kulia. Hakumwambia. Aliona ni namna ya kumlinda, asije akavunjika moyo.

Katika kufumua huko ndipo alipokutana na uzi mwekundu. Ulikuwa kipande kifupi, kama urefu wa kiungo cha kidole, umelazwa ndani ya kunjo la pindo karibu na mshono wa ubavuni, na ncha yake imechungulia nje kidogo sana. Mara ya kwanza alidhani ni takataka. Mara ya tatu akatabasamu. Mtoto kajitungia alama yake, akasema moyoni, kama mafundi wakubwa. Hakuzitupa zile nyuzi. Alizitia kwenye kopo la vifungo, moja baada ya nyingine, na miaka ilivyokwenda kopo likaanza kupendeza kwa wekundu. Shoto akaenda chuo cha ufundi, mwaka wa kwanza, mwaka wa pili, na likizo alirudi kumsaidia mama yake, na nyuzi zikaendelea kuingia koponi.

Kisha Shoto akaugua siku sita, ya saba hakuifikia.

Sitakaa sana kwenye msiba. Itoshe kusema kwamba Mama Wembe alikaa mkekani na kopo lile mapajani, na kila aliyekuja kumpa pole alifunguliwa kifuniko na kuonyeshwa. "Mwanangu alikuwa na alama yake," alisema. "Angekuwa fundi mkubwa." Watu walilia kwa sababu ya lile kopo kuliko walivyolia kwa sababu ya jeneza.

Wazo la tuzo lilitoka kwa kaka yake, mtu aliyefanya ukarani maisha yake yote na ambaye hata kustaafu hakujamwachisha kubeba faili kwapani. Wateja, majirani na wanafunzi wenzake Shoto walikuwa wamechanga, na kikabaki kiasi. "Tusikile, dada," alisema. "Tuanzishe mfuko. Kila mwaka mwanafunzi mmoja wa ushonaji, hodari na asiye na uwezo, alipiwe muhula wa mwisho na apewe cherehani. Iitwe Tuzo ya Shoto. Na kwenye kila cheti cha tuzo tushonee uzi mmoja kutoka kwenye kopo lako. Ziko nyingi, zitatufikisha mbali."

Hilo la uzi ndilo lililompata. Alikubali huku machozi yanamtoka. Lakini kabla machozi hayajakauka, machale yalikwisha mcheza. Huyu kaka yangu, mbona amelikimbilia hili jambo hivi? Akamtazama miguuni. Viatu vilikuwa vinang'aa.

"Umenunua viatu?"

"Viatu gani, dada? Hivi ni vilevile. Nimebadilisha soli kwa jirani yako hapo."

Kaka alipoondoka, alitoka kibarazani akamuuliza fundi viatu. Ni kweli, soli. Hata hivyo kwa wiki nzima aliwaza kwamba wanaume hao wawili wanaweza kuwa wamepanga maneno.

Kwa chuo ndiyo kabisa. Aliwaona wote wamekaa mkao wa kula. Watampa tuzo mpwa wa mkuu wa chuo, alisema, au mtoto wa mwenye kantini, halafu waniite nikapige makofi. Kwa hiyo akaweka masharti. Mwalimu wa ushonaji achague kazi tano za wanafunzi wasio na uwezo, zile zile ambazo mkaguzi wa mitihani angekuja kuzipa alama siku ya Ijumaa. Zisiwe na majina, zipachikwe namba. Aletewe nyumbani azikague kwa macho yake, na cheti kisitoke mpaka aseme yeye. Mwalimu alikubali bila ubishi, na huko kukubali bila ubishi nako kukamtia shaka.

Jumanne asubuhi kaka yake alifika na mfuko mkubwa. Ndani mlikuwa na magauni matano ya mtoto wa miaka miwili, yote ya kitambaa kimoja cheupe, yenye kola ya duara, vifungo vitatu mgongoni na pindo lililoshonwa kwa mkono. Mama Wembe alifuta meza mara mbili, akavaa miwani, akageuza la kwanza nje ndani.

"Huyu kashona akiwa na njaa," alisema. "Tazama, anakimbilia mwisho."

Kaka aliandika kitu kwenye faili.

La pili kola ilipanda upande mmoja. La tatu lilikuwa zuri, zuri mno, akalinusa. "Hili limepigwa pasi na mtu mzima," akasema, na hakuna aliyemuuliza alijuaje. Kisha akachukua namba nne. Aligeuza, akasogeza mwangani, na mikono ikasimama.

Mishono ya pindo ilikuwa midogo, inalingana, imekazwa vizuri. Lakini ilikuwa imelala upande wa pili. Fundi yeyote anayeshona kwa mkono wa kulia huanzia kulia kwenda kushoto, na vijishono vyake huinamia upande mmoja siku zote. Anayeshona kwa kushoto huenda kinyume na huinamia kinyume. Mama Wembe alikuwa amefumua pindo za namna hiyo kwa miaka sita. Angezitambua hata gizani, kwa kupapasa.

"Dada, vipi?"

 Mama Wembe alikuwa anakumbuka mkoba wa mwanawe. Baada ya mazishi chuo kilirudisha vitu vya Shoto, mkasi, subana ya kidoleni, madaftari, kanga mbili, na yeye alivihesabu na akaona pengo. Gauni la mtihani, ambalo Shoto alikuwa akilishona wiki ile alipougua, halikurudi. Aliuliza mara moja, akaambiwa litatafutwa. Hakuuliza tena kwa sababu alikuwa hana nguvu. Na sasa liko hapa mezani kwake, lina namba nne kifuani, na kuna mtu anataka kulipwa kwalo.

Akatafuta ubavuni. Kwenye mshono, ndani ya kunjo, palikuwa na ncha nyekundu ndogo kama kichwa cha pini.

Mkono ukaenda kwenye sabuni wenyewe. Alikata kishono kimoja, viwili, akaingiza kidole, akavuta, na shibiri nzima ya pindo ikafunguka. Uzi mwekundu ukaanguka mezani. Hakuishia hapo. Alizunguka gauni lote, kwa haraka ya mtu aliyefanya kazi ile maisha yake yote, mpaka pindo likaning'inia chini.

"Dada!" Kaka alikwisha simama, faili limeanguka. "Umefanya nini? Hiyo ni kazi ya mtihani! Mkaguzi anakuja Ijumaa!"

"Ni kazi ya mwanangu," alisema Mama Wembe. "Kuna mwizi kule chuoni. Ameiba gauni la marehemu akalitia namba, na sisi tumlipie ada. Keshokutwa nani atasema Shoto alikuwa na alama? Watasema ni ya huyo."

"Huna hakika."

"Nina uzi." Akaunyanyua. "Hakika gani nyingine unayoitaka?"

Asubuhi iliyofuata alitoka na mfuko wa magauni mkono mmoja na kopo la vifungo mkono wa pili. Kaka alimfuata nyuma hatua tatu, akiomba njia nzima wamsikilize kwanza huyo mwanafunzi, na yeye hakugeuka. Karakana ya ushonaji ilikuwa chumba kirefu chenye cherehani za kukanyaga safu mbili, zimefunikwa vitambaa, na harufu ya mafuta ya mashine na ya mvuke wa pasi. Wanafunzi walikuwa kwenye somo la hesabu jengo la pili. Mwalimu wa ushonaji, mama mnene mpole aliyekuwa na futi shingoni muda wote mpaka ikaonekana ni sehemu ya nguo zake, aliliona gauni namba nne na pindo lake lililoning'inia, akakaa chini.

"Nani kashona hili?" aliuliza Mama Wembe.

"Mama, tulikubaliana namba tu..."

"Namba haiendi kituo cha polisi. Nipe mtu."

Mwalimu alituma aitwe. Aliyeingia ni msichana mrefu, mwembamba, sketi yake ya sare imeteremshwa urefu mara mbili. Mama Wembe aliona mistari miwili ya pindo za zamani kabla hajamwona uso. Aliona pia kwamba msichana alisalimia kwa adabu nyingi, akaangalia chini. Mwizi mwenye adabu, akasema moyoni, hao ndio wabaya kuliko wote.

Kisha msichana akaliona gauni lake. Hakupiga kelele. Alilisogelea, akashika pindo lililofumuliwa kwa vidole viwili, akalizungusha lote polepole akitafuta kama kuna mahali palipobaki pazima.

"Nani kanifanyia hivi?"

"Mimi," alisema Mama Wembe. "Na wewe utaniambia ulilitoa wapi."

"Nililishona."

"Lilishonwa na mkono wa kushoto. Wewe unashika kalamu kwa mkono gani?"

Msichana aliutazama mkono wake. "Wa kulia."

"Umesikia, kaka? Mwalimu, umesikia? Kwa kinywa chake mwenyewe!" Akavuta stuli, akapiga meza kwa kiganja. "Kaa hapa. Chukua sindano. Tushonee pindo tuone."

Alikuwa na furaha, nisimfichie. Ilikuwa furaha chungu ya mtu aliyekuwa akishuku dunia nzima na hatimaye kamshika mmoja. Msichana akakaa. Alitunga uzi mweupe kwenye sindano kwa mara moja, akafunga fundo, akaishika sindano kwa mkono wa kulia. Mama Wembe alikwisha fungua mdomo kumaliza kesi.

Lakini msichana hakuanzia kulia. Aliligeuza gauni, akaanzia kushoto, kiwiko kimeinuliwa juu isivyo kawaida, kifundo cha mkono kimepindishwa ndani kama anayejikuna mgongo wa mkono wake mwenyewe. Ilikuwa namna ngumu, ya kuchosha, ambayo hakuna mwalimu anayeifundisha. Sindano ilikwenda upande ambao mkono wa kulia haupendi kwenda, na nyuma yake vijishono vikatokea, vidogo, vinalingana, vimelala upande wa pili.

Zikapita shibiri mbili.

"Nani kakufundisha hivyo?" Sauti ya Mama Wembe ilikuwa imeshuka.

"Shoto. Tulikuwa tunakaa benchi moja, mimi upande wake wa kulia. Nilikuja hapa sijawahi kushika sindano. Mwalimu alikuwa na wanafunzi arobaini, hakuweza kunifikia. Yeye alinifundisha kila jioni kabla ya kengele. Nilimwangalia anavyokwenda, nami nikaenda hivyohivyo. Nilijua baadaye kwamba watu wengine huenda kinyume."

"Nilijaribu kumrekebisha," alisema mwalimu. "Akakataa. Na kwa sababu kazi ilikuwa safi, nikamwacha." Aliinuka, akafungua kabati la chuma, akatoa kitu kilichofungwa kwenye karatasi laini ya kukatia ruwaza za nguo. "Na hili, mama, ni kosa langu. Nilipaswa kukuletea. Halikuisha, nikaona nitakupelekeaje gauni la nusu? Kila siku nikasema kesho."

Lilikuwa gauni la Shoto. Kola ilikuwa tayari, vifungo viwili vimeshonwa, cha tatu hakipo, na pindo lilipigwa kutoka ubavu wa kushoto mpaka katikati ya mbele. Hapo mishono iliishia, na uzi ulikuwa bado umening'inia. Kwa hiyo yalikuwepo magauni mawili, na lile alilolifumua halikuwa la marehemu. Mama Wembe alilipokea la mwanawe kwa mikono miwili. Akatafuta benchi, akakaa.

Mwingine angeomba radhi papo hapo. Yeye shaka ilikuwa imebaki na mguu mmoja, akausimamia. Akafungua kopo la vifungo, akalisukuma mezani mbele ya msichana.

"Mkono sawa, alikufundisha. Lakini hii alama ni yake. Alijitungia mwenyewe tangu mdogo, na sisi kwenye cheti tunashonea nyuzi hizi hizi kwa heshima yake. Wewe uliichukua ya nini? Fundi haibi alama ya mwenzake."

Msichana aliangalia ndani ya kopo. Alitia kidole, akazigeuza zile nyuzi, nyekundu juu ya nyekundu, mpaka chini kabisa. Macho yake yakajaa maji.

"Mama, hizi zote ulizitoa wewe?"

"Mimi. Nimezitunza miaka yote."

"Zote?"

"Nimekwambia zote. Unalia nini?"

Msichana alimtazama mwalimu, mwalimu akatazama dirishani. Kaka naye alikuwa amesimama mlangoni na faili lake. Mama Wembe aliwatazama mmoja mmoja. Alikuwa na hakika kwamba kuna jambo wanalijua watu wote chumbani isipokuwa yeye, na safari hii alikuwa karibu sana na ukweli.

"Sema," alisema. "Usinifiche kitu."

"Siyo alama, mama." Msichana aliifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Ni uzi wa kujua kama mtu amefumua. Unaulaza ndani, unaacha ncha. Ukirudi ukaikuta ncha, pindo ni lako. Ukikuta haipo, limefumuliwa likashonwa upya. Shoto alinifundisha siku ya kwanza. Alisema kwao kuna mtu anafumua kila anachoshona, halafu anarudishia kimyakimya, na anadhani yeye hajui."

Mama Wembe alilivuta kopo kwake.

"Hakuwa anasema kwa ubaya," msichana akaharakisha. "Alikuwa anacheka. Alikuwa anaiga unavyovaa miwani. Alisema, siku nitakayorudi kutoka shule nikaukuta uzi wangu mahali pake, siku hiyo nimekuwa fundi."

Mama Wembe alijaribu kukumbuka. Alikaa pale kwenye benchi akapekua miaka sita, gauni kwa gauni, sare za shule, magauni ya harusi, mapazia ya yule mke wa daktari, akitafuta pindo moja tu aliloliacha. Hata moja. Alitafuta jinsi mtu anavyotafuta pesa kwenye mfuko anaojua umetoboka. Kopo lilikuwa wazi mbele yake, limejaa, na alilionyesha kwa watu msiba mzima. Alilia hapo kwa sauti, mbele ya kaka yake na mwalimu na mtoto wa watu, kama ambavyo hakuwahi kulia mkekani.

Alipoweza kusema, alisema, "Na wewe? Wewe nani anakufumulia?"

"Hakuna mtu. Kwetu hakuna anayejua kushona." Msichana akalitazama gauni la Shoto. "Nauweka kwa ajili yake. Leo ndiyo mara ya kwanza nimekuta haupo."

"Nisamehe, mwanangu."

Msamaha haukuja upesi, na mimi simlaumu msichana. Alilivuta gauni lake namba nne karibu. "Mkaguzi anakuja keshokutwa," alisema. "Nikipata sifuri, tuzo au si tuzo, mimi narudi nyumbani."

"Nitakushonea sasa hivi," alisema Mama Wembe, na mkono ukaenda. Msichana akalivuta gauni upande.

"Hapana, mama. Ni kazi yangu."

Basi akakaa tu. Ilikuwa adhabu nzuri, na aliistahili. Tangu asubuhi ile mpaka saa nane mchana alikaa kwenye benchi la upande wa pili wa meza akimwangalia mtu mwingine akipiga pindo kinyume, kiwiko juu, taratibu mno, na hakusema kaza hapo, wala umeruka, wala leta nikuonyeshe. Mara mbili alikunja ngumi chini ya meza. Mwalimu aliandika barua kwa mkaguzi, na Mama Wembe akatia sahihi chini ya maneno yanayosema kwamba pindo lilifumuliwa na yeye, bila ruhusa, kwa kudhania uovu usiokuwepo. Kaka alimpa kalamu, bila lawama. Huyo ni kaka mwema, viatu vyovyote avaavyo.

Ilipobaki shibiri ya mwisho msichana aliacha kushona kidogo. Akachomoa kutoka kwenye mto wake wa sindano uzi mwekundu, akaukata kwa meno.

"Niuweke?" aliuliza.

"Uweke," alisema Mama Wembe.

Ijumaa mkaguzi aliipa namba nne alama za pili kwa ubora darasani. La kwanza lilikuwa namba tatu, lile lililopigwa pasi na mtu mzima, ambalo baadaye ilijulikana kweli limepigwa pasi na shangazi wa mwenye kazi, lakini hayo si yetu leo. Tuzo ilikwenda kwa namba nne. Siku ya kukabidhi, cheti kilikuwa na uzi mmoja kutoka koponi, umeshonewa kwenye kona. Kaka alikuwa amependekeza waache kuutumia, kwa kuwa sasa wanajua. Mama Wembe alikataa. "Nilimtolea," alisema. "Mmoja mmoja nitamrudishia." Jukwaani msichana alimpa Mama Wembe gauni lake namba nne kuwa zawadi, limekunjwa vizuri kwenye karatasi. Ukumbini waliomjua walinyoosha shingo, fundi viatu akiwa mbele, kuona likigeuzwa. Alilipokea, akalikumbatia jinsi lilivyo, akashuka nalo.

Lile gauni la nusu la Shoto lipo kwenye chumba anachoshonea Mama Wembe, limetundikwa ukutani juu ya cherehani. Kifungo cha tatu hakijashonwa na uzi wa pindo bado unaning'inia katikati ya mbele. Wateja humuuliza mbona fundi mzima anatundika kazi ambayo haijakamilika. Ubavuni, pale pindo lilipoanzia, kitambaa kimejikunja kidogo, na kwa mbali haiwezekani kujua kama ndani ya lile kunjo kuna ncha nyekundu au hakuna. Akisimama akasogea hatua mbili angejua. Wembe upo palepale kwenye sabuni, na mwanga wa mlango unafika vizuri.

Hajasimama. Kila asubuhi anakaa chini yake, anatunga uzi, anaanza kazi za watu.